Programu Kwenye Kava za Madaftari

Mratibu alinipa kazi ile akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, kama watu wanavyotoa kazi ambayo hawataki kuulizwa maswali juu yake.

"Kurasa mbili tu," alisema. "Tuhame au tubaki. Nimekuchagua wewe kwa sababu huna upande."

Upande nilikuwa nao, ila hakuniuliza.

Ilikuwa Mwanza, mwishoni mwa miaka ya tisini, kwenye ofisi iliyopeleka dawa na vifaa kwa zahanati za kandokando ya ziwa na za visiwani. Mimi nilikuwa mtunza kumbukumbu. Kila barua iliyoingia niliiandika kwenye rejista yenye safu tano: tarehe, mtumaji, mpokeaji, jambo, na hatua iliyochukuliwa. Sikupenda kuona safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu. Kuhusu kompyuta, nilijua kuiwasha, kuchapa na kuizima. Pale ofisini mtu aliyejua zaidi ya hapo alikuwa mmoja tu, na kwa kuwa shauri lenyewe lilimhusu yeye, ilibidi aulizwe mwingine.

Tulimwita Mzee, ingawa alikuwa hajafika sitini. Mhaya, mrefu, shati limenyooshwa hata kwenye mikono. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika chumba cha kompyuta cha ushirika wa pamba. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wakaja na magari na mizani yao, ushirika ukakonda na chumba kile kikafungwa. "Nilipunguzwa," alikuwa akisema, kama mtu anavyotaja operesheni aliyofanyiwa zamani akapona. Ofisi yetu ilimchukua baadaye. Alichotufanyia ndicho kilichokuwa kinajadiliwa sasa.

Zahanati zetu zilikuwa na redio koli. Kwenye redio kulikuwa na kisanduku, na kwenye kisanduku kompyuta ndogo, na kwa njia hiyo kila siku saa tatu asubuhi barua ziliingia kwetu. Tuliita imeli ya redio. Wauguzi walikuwa wameambiwa waagize dawa kwa njia hiyo, lakini wao hawakutuma maagizo. Waliandika barua. Muuguzi wa zahanati moja ya kisiwani, Mkerewe aliyekuwa kazini tangu mimi niko shule ya msingi, aliandika hivi:

"Kwanza napenda kukusalimu. Pili sisi huku hatujambo isipokuwa mafua ya hapa na pale, na upepo ambao umeezua choo cha wagonjwa. Mzee, goti lako linaendeleaje? Watoto wasalimie. Ama baada ya salamu hizo chache, nakujulisha kwamba vidonge vya malaria vimebaki kopo moja."

Mtu wa stoo alitaka lile kopo moja. Choo na goti havikumhusu. Ndipo Mzee akaandika programu ndogo na kuipachika kwenye programu ya barua pepe. Kila barua ilipoingia, programu yake ilitafuta mahali salamu zinapoishia na kukata hapo. Sehemu ya chini ilikwenda kwenye orodha ya stoo, ikiwa imepangwa vizuri, dawa na kiasi. Sehemu ya juu ilikwenda kwenye faili lake yeye.

Ili kuiandika alikuwa amesoma barua zote za miaka ya nyuma, miezi miwili, akiorodhesha jinsi watu wanavyoondoka kwenye salamu. "Kila mtu ana mlango wake wa kutokea," aliniambia. Alihesabu milango arobaini na kitu. Salamu zenyewe hakuzitupa. Kila Ijumaa alizichapa na kuzijibu moja moja, goti linaendelea, choo poleni. Niliona ni kupoteza karatasi. Kisha nikaona kwamba muuguzi yeyote aliyefika mjini, hata aliyeitwa na mratibu mwenyewe, alianza kwanza kumuulizia Mzee.

Sasa wafadhili walikuwa wameandika kwamba wanatuletea kompyuta mpya zenye programu mpya ya barua pepe. Hiyo mpya haikukubali kupachikwa kitu chochote kisichoandikwa kwa lugha mpya ya kompyuta, ile ambayo mtu anachora vitufe kwa kipanya. Programu ya Mzee ilikuwa ya lugha ya zamani, ya skrini nyeusi na herufi za kijani. Tungeweza kukataa na kubaki na vyetu, lakini programu yake iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Karne ikiisha ingedhani barua mpya ndizo za zamani kuliko zote, na kuzizika chini.

Kwenye mkutano Mzee alisimama. "Naihamisha mwenyewe. Miezi mitatu. Lugha ni lugha. Mimi Kiswahili chenyewe nilikikuta shuleni."

Mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa na wazo lingine: aanze upya. Muuguzi afunguliwe fomu yenye visanduku, cha dawa na cha kiasi, basi. "Heshima yako, Mzee," alisema, "lakini mashine haina haja ya kusalimiwa."

Watu walicheka. Mzee naye alicheka. "Mwanangu, asubuhi umeingia hapa ukanipa shikamoo. Mbona sikukukata?"

Walicheka tena, kwa sauti zaidi, na mkutano ukaisha bila uamuzi. Baadaye mratibu aliniambia wazi, mlangoni pale pale: "Mtaalamu akianza upya, sitakuwa na kazi ya kumpa Mzee. Mzee akiweza kuihamisha, abaki. Kwa hiyo swali ni moja tu. Anaweza au hawezi?"

Nilianza kama nilivyozoea. Maswali sita, yale yale kwa kila mmoja, majibu kwenye daftari. Mtaalamu alijibu yote bila kinyongo, na nasema hivyo kwa sababu nilimtafutia kinyongo sikukiona. Alinieleza kwamba programu ina sura mbili. Kuna maandishi yake, ambayo mtu anayasoma, na kuna ile iliyokwisha kupikwa, ambayo mashine ndiyo inaiendesha. "Dada, ukipewa ugali huwezi kuurudisha uwe unga. Kuhamisha kunataka unga. Mwombe Mzee maandishi. Akikuonyesha, niite, tunaanza hata leo, namsaidia."

Nikamwomba Mzee maandishi. Jumatatu alisema kesho. Jumanne alisema anatafuta disketi. Jumatano nilimkuta kwenye korido, na kabla sijafungua mdomo kumwamkia, yeye akaniwahi: "Habari za asubuhi, mama?" Mtu mzima kama yule, kunianza mimi. Nilijibu nzuri, nikasahau hata shikamoo. Nilipofika mezani kwangu nilishajua kuna kitu.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana aliniita chumbani kwake. Alivuta droo, akatoa disketi mbili, akasogeza kile kibati cha pembeni. Ndani, juu ya utepe mweusi, kulikuwa na mabaka meupe ya ukungu.

"Hewa ya ziwa," alisema.

"Na ndani ya kompyuta?"

"Diski ilikufa ule mwaka wa mgao wa umeme. Nilirudisha programu, ile inayofanya kazi. Maandishi sikuwa nayo ya kurudisha."

"Ni tangu lini, Mzee?"

"Miaka miwili."

"Na mkutanoni ulisema miezi mitatu."

"Nilisema." Alifunga kibati, akakifungua tena. "Kuna karatasi. Niliichapa yote, zile karatasi pana za kuungana, kurasa thelathini na moja. Nilizipeleka nyumbani kwa sababu dari hapa inavuja."

"Basi zipo nyumbani."

"Zilikuwepo," alisema.

Jumamosi nilikwenda naye kwake, Kiseke. Mkewe alitupokea, akatuwekea chai, akakaa nasi. Haikuchukua muda nikaona kwamba yeye na mumewe walikuwa wameshalizungumza jambo hili mara nyingi na hawakuwa na hamu ya kulizungumza tena mbele yangu.

"Mimi niliona karatasi nyeupe safi upande mmoja," alisema, akinitazama mimi. "Mwalimu anasema daftari lisilo na kava, mtoto arudi nyumbani. Karatasi za khaki huzioni madukani. Mwenyewe hakusema kitu."

"Niliandika juu yake 'muhimu'," alisema Mzee.

"Baba watoto, kila karatasi yako imeandikwa muhimu. Hata ile ya fundi baiskeli."

Binti zao wawili wa mwisho, wa darasa la nne na wa darasa la sita, waliitwa. Walileta madaftari yao yote wakayapanga mezani. Yalipendeza. Mama yao alikuwa ameweka upande mweupe nje, na juu yake kuandika masomo kwa mwandiko wa duara: Hisabati, Sayansi, Jiografia, Maarifa ya Jamii. Huwezi kujua ndani kuna nini mpaka uvue kava. Tukaanza kuvua.

Zilikuwa zimebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo, na mama yule alikuwa amezibandika zishike. Ukivuta kwa haraka, mistari inabaki kwenye daftari. Tuliloweka kingo kwa kitambaa kibichi, tukangoja, tukavuta polepole. Mimi niliandika: Hisabati, ukurasa wa nne. Jiografia, wa kumi na moja, pembe imechanika. Sayansi, wa ishirini na tatu. Mzee alikaa kwenye mkeka na kava ya Sayansi magotini, akiisoma kwa midomo bila sauti, na mara moja akatabasamu kama mtu aliyekutana na mzaha wake mwenyewe wa zamani.

Madaftari yakaisha. Nilihesabu mara mbili. Kurasa kumi na tisa.

"Na ya mwaka jana?" niliuliza. "Mliyomaliza?"

Yule wa darasa la sita alimtazama mama yake.

"Tulimpa mama wa karanga," alisema mama yake. "Pale Pasiansi. Anafungia."

Mzee akaanza kucheka, mabega yakitikisika. "Basi wamekula karanga na programu yangu," alisema. Mkewe hakucheka. Aliondoka akaenda jikoni, nikasikia anahamisha sufuria zisizohitaji kuhamishwa.

Nilipanga zile kumi na tisa kwa namba. Kilichokosekana kilikuwa karibu chote cha katikati, na katikati ndiko ilikokuwa milango yake arobaini, mahali programu inapojua kwamba salamu zimeisha. Tulichobaki nacho ni mwanzo, mwisho, na majina ya dawa, ambayo mtaalamu tayari alikuwa nayo kwenye orodha yake.

"Baba," aliuliza yule mdogo, "Jumatatu tutaenda bila kava?"

Nilikuwa na magazeti mawili kwenye mkoba. Tulikaa, mimi na watoto, tukajalidi upya kila daftari kwa magazeti. Ndicho kitu pekee nilichokamilisha siku ile.

Alinisindikiza hadi barabarani. Lori la samaki lilipita, likatuachia maji ya barafu kwenye vumbi. Alingoja lipotee.

"Hivi habari ya karatasi ni lazima uiandike?"

Kama ningeandika, angeondoka. Kama nisingeandika, mratibu angemwamini, miezi mitatu ingepita, mwaka ungeisha, na barua za visiwani zingeanza kuzama chini ya orodha bila mtu kujua, na muuguzi angengoja vidonge. Nilimwambia nitaona. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema kitu.

Wiki iliyofuata alijifungia kujaribu kukumbuka. Alijaza karatasi, akazikunja, akajaza nyingine. Nilimpelekea chai siku ya tatu. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Ilichokuwa inafanya nakijua," alisema. "Jinsi nilivyoifanya ifanye, hapana. Nasoma hizi zilizobaki kama za mtu mwingine, mtu hodari kweli." Alisukuma kikombe kidogo. "Andika, mama. Andika ulivyoona. Kava tu usiziseme. Watamcheka mama watoto."

Niliandika kurasa mbili. Wa kwanza ulieleza pande zote mbili kwa usawa, mistari ikilingana kabisa. Kwenye wa pili niliandika kwamba maandishi ya programu yamepatikana kurasa kumi na tisa kati ya thelathini na moja, na kwamba kwa hali hiyo kuihamisha hakutawezekana. Halafu nikaongeza kifungu cha mwisho: napendekeza Mzee abaki, kwa kuwa ndiye anayejua jinsi wauguzi wanavyoandika, na mtaalamu atamhitaji. Nilikiandika mara nne. Kila mara kilionekana kama kitu nilichokibandika baada ya kazi kwisha, na ndivyo kilivyokuwa.

Mratibu alisoma mbele yangu. Kidole chake kilisimama kwenye kumi na tisa.

"Nyingine ziko wapi?"

"Zilipotea."

"Zilipoteaje?"

"Unyevu," nilisema. "Na matumizi ya nyumbani."

Hakuuliza zaidi. Alifika kwenye kifungu cha mwisho, macho yakakipita kwa kasi ile ile. "Umeandika vizuri," alisema. "Mkataba wa mtaalamu tulishasaini mwezi uliopita, na kompyuta zipo kwenye treni. Lakini lazima kuwe na maandishi kwenye faili." Akanirudishia nitoboe matundu.

Nilitoboa. Sikuwa na jambo jingine la kufanya pale.

Mzee alikaa mpaka mwisho wa mwezi. Yeye na mtaalamu walipatana vizuri, mpaka nikawa natamani wagombane. Walikaa bega kwa bega. Mzee akitaja milango yake kwa kichwa, ile aliyoikumbuka: ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii, sina mengi ila, naomba nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kijana aliandika yote kwenye daftari lake kwa adabu. Kwenye fomu yake hakukuwa na mahali pa kuiweka. "Ila imetulia, Mzee," alisema, na nadhani hakuwa akitania.

Siku ya mwisho Mzee aliniletea zile kurasa kumi na tisa zimefungwa kwa uzi. Nyuma ya kila ukurasa kulikuwa na jina la somo. "Wewe ndiye mwenye mafaili," alisema. Nilizifungulia faili. Nilipotaka kumwamkia kwa mara ya mwisho, nilihakikisha safari hii nimemwahi. "Marahaba," alisema. "Marahaba sana, mama."

Fomu mpya ilianza kutumika mwezi uliofuata, na mtaalamu akarudi Dar. Kazi ya kuangalia maagizo kila saa tatu asubuhi nikapewa mimi, maana haikuhitaji tena mtu anayejua kompyuta. Kwa kila mstari kulikuwa na vitufe viwili, Itatumwa na Imekataliwa. Usipobonyeza kwa muda fulani, mashine inajichagulia yenyewe.

Agizo la kwanza kutoka kisiwani kwa yule muuguzi Mkerewe lilikuwa na mistari mitatu. Kwenye kisanduku cha kwanza cha dawa alikuwa ameandika: Shikamoo Mzee, sisi hatujambo. Kiasi: 1. Cha pili: Tumesikia umeondoka, ni kweli? Kiasi: 1. Cha tatu kilikuwa vidonge vya malaria, makopo mawili.

Nilikaa nikivitazama vile vitufe. Mstari wa vidonge haukufunguka kabla ya ile miwili ya juu kujibiwa. Nilitafuta mahali pa kuandika hata neno moja, ndiyo, ni kweli, goti lake linaendelea, watoto wana kava za magazeti. Hapakuwa na mahali. Muda ukaisha. Mstari wa kwanza ukageuka mwekundu, kisha wa pili, na kwa kuwa ya juu imekataliwa, wa tatu nao ukafuata.

Nilinakili yale makopo mawili kwa mkono, nikakimbilia stoo, yakaondoka na meli ya mchana. Niliporudi nilifungua rejista. Tarehe niliiandika, na mtumaji. Kwenye mpokeaji niliandika Mzee. Kwenye jambo niliandika salamu. Kisha nikashika kalamu juu ya safu ya tano, ya hatua iliyochukuliwa, mpaka simu ilipolia chumba cha pili, nikaenda kuipokea.